Naombeni ushauri: mtoto anaharisha, bibi yake anasema ni meno ya plastiki

Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa miezi 9 alianza kwa kutapika, sasa anaharisha maji matupu. Zahanati walimpima malaria, hana. Daktari anahisi ni virusi vya rota. Alipata matone ya chanjo ya wiki ya 6 na ya 10, lakini nimeambiwa hata aliyechanjwa anaweza kuugua, ila mara nyingi si vikali. Antibayotiki hatukupewa kwa kuwa haiui virusi. Tumepewa ORS (unga wa kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa lita 1 ya maji safi, na zinki miligramu 20 kwa siku.

Shida ni kwamba ORS anaitema. Kikombe akikiona tu anafunga mdomo. Kwa kijiko cha chai anameza viwili vitatu, kisha anageuza uso. Titi ananyonya, Mungu ni mwema, mkojo upo na akilia machozi yanatoka. Mliopitia haya, mliwapaje watoto wenu?

La pili linaninyima usingizi. Mama mkwe anasema ni meno ya plastiki, yaani eti meno mabaya ndani ya fizi ndiyo yanayomharisha, na ameshapata mtu wa kuyang'oa. Nimeangalia: ni fizi tu imevimba pale chonge zitakapoota. Kuchokonolewa na chuma, mtoto dhaifu hivi! Sikubali kabisa. Lakini mama huyu ndiye aliyeniuguza uzazi, nampenda, na baba mtoto yuko safarini. Nimwambieje bila kumvunjia heshima? Au nimwombe tuongozane naye kliniki, aelezwe na nesi?