Hilux 2TR: P0171 na P0325 zinarudi, mlimani injini inalia kokoto

Mbezi_Pickup: Wakuu, Hilux ya 2007, petroli, injini 2TR-FE. Kompyuta inasoma kodi za hitilafu P0171 na P0325, zikifutwa zinarudi. Ikipanda Kimara na mzigo inalia kama kokoto kwenye kopo. Ikiwa tupu, kimya. Fundi anataka sensa ya noki (inayosikiliza injini ikigonga) na ya oksijeni zibadilishwe. Ninunue?

SpanaTabata: Usiende maduka ya spea Gerezani bado, mkuu. P0325 ni hitilafu ya saketi ya sensa, haimaanishi injini inagonga. Saketi ikikatika, kompyuta hurudisha taimingi nyuma ili kujilinda, gari linakosa nguvu. Kama bado inalia, anza na P0171: mafuta ni machache kwa hewa inayoingia, chumba kinapata joto, mchanganyiko unajilipukia.

Pasha injini, soma LTFT (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza) kwenye sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga), kisha RPM 2500. Ikiwa kubwa kwenye sailensi na inashuka ukipandisha RPM, kuna hewa ya wizi: hozi za vakyumu, gasketi ya manifoldi, mpira baada ya sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia). Ikipanda kadiri unavyokanyaga, MAF ni chafu au mafuta hayafiki. Na kodi zisifutwe kabla ya kunakili data zilizohifadhiwa nazo. Mafundi wengi wanaharibu ushahidi hapo.

Mbezi_Pickup: Sailensi +5, RPM 2500 +14, kwenye mzigo +22.

WayaNaMoto: Basi inapanda ukikanyaga; sensa ya oksijeni inasema kweli, iache. Chomoa MAF, ipulizie dawa yake maalumu (si ya kabureta), usiguse waya kwa kitambaa, ikauke kabisa kabla ya kurudisha. Filta ya hewa iliyopakwa oili huichafua upya. LTFT isiposhuka, funga geji ya presha ya mafuta na uitazame gari likivuta mzigo. Presha ikianguka, ni filta au pampu.

Sensa ya noki ipime: kiloomu 120 hadi 280 injini ikiwa baridi. Ikiwa ndani ya hapo, fuata waya na soketi. Kutu ya chumvi ya pwani inapenda soketi. Ukifunga mpya, boliti Nm 20 tu. Ukiikaza kupita hapo inasikia vibaya.

SpanaTabata: Plagi pia: DENSO K20HR-U11, mwanya mm 1.1. Joto la maji likipita nyuzi 100 mlimani, rejeta na thamostati kwanza. Na kama mlio ulianza baada ya kujaza kituo fulani, badilisha kituo. Petroli iliyochanganywa mafuta ya taa hulia hivyohivyo, ingawa haileti P0325.