Meinifremu ya bima: tubaki, tuhamishe au tuandike upya? Naomba ulinganisho wenu

Mwana_wa_Uyole
Wakuu habari za jioni. Napiga kazi nikiwa hapahapa Mbeya ila mteja ni kampuni ya bima iko Johannesburg, mfumo wao mkuu uko kwenye meinifremu ya IBM (yale makompyuta makubwa ya makampuni), programu kibao za COBOL, lugha ya zamani ya kompyuta, hesabu nzito zote zinapigwa usiku kwa bechi, yaani kwa mafungu bila mtu kukaa kwenye skrini. Sasa wakubwa wanataka kutoka huko na timu yetu imeambiwa ilete mapendekezo kabla mwezi haujaisha. Njia tunazozitazama ni nne: kubaki na kufungua API juu yake (mlango wa programu nyingine kuongea nayo), kuhamisha programu zilivyo kwenye emuleta (programu inayoiga meinifremu) ndani ya klaudi, kuigeuza COBOL iwe Java, lugha ya kisasa zaidi, kwa programu ya kugeuza, au kuandika upya kila kitu. Mimi naona tuandike upya maana mashine zile zimeshapitwa. Aliyepita huko aniambie, nina presha kweli, humo ndani kuna malipo ya wajane na wastaafu.

Mnyalu_Kihesa
Kamwene mdogo wangu. Kwanza hilo la kupitwa lifute. System/360, babu wa meinifremu hizo za IBM, ilitangazwa 1964 ni kweli, lakini mjukuu wake z17 imetoka 2025, mashine mpya kabisa, na programu za enzi zile kwa sehemu kubwa bado zinakimbia humo. Shida ni watu, wanaojua kwa nini mstari fulani uliandikwa vile ndio hao wanastaafu, halafu kuna bili. Mimi ningeanza na bili. Kwenye mikataba mingi ya zamani, malipo ya programu za IBM yanafuata kilele cha wastani wa matumizi wa masaa manne ndani ya mwezi, kwaiyo bechi nzito ikigongana na wateja saa nne asubuhi siku moja tu, mmelipia mwezi mzima. Sogezeni ratiba kwanza muone inashuka kiasi gani, hapo hamjahamisha hata programu moja.

Makambako_Stendi
Naunga mkono. Emuleta inakutoa kwenye gharama ya mashine basi, COBOL ni ileile na wanaoijua ni walewale wachache. API ni nzuri kama shida yenu ni aplikesheni ya simu kushindwa kuongea na mfumo. Hiyo ya kuandika upya sikushauri.

Dada_wa_Sae
Mimi nilikuwa kwenye kazi ya kugeuza COBOL kwenda Java, sitataja wapi. Java inayotoka pale wenyewe wanaiita JOBOL, ni COBOL iliyovaa nguo za Java, kijana wa Java akiifungua haelewi na mzee wa COBOL naye haelewi. Ila hilo tulilizoea. Kilichotutesa ni senti. Mchango wa mwanachama ukitoka 12.345, COBOL usipoiandikia ROUNDED, yaani ikadirie hadi senti iliyo karibu, inakata tu, inabaki 12.34, mfumo mpya ukawa unaandika 12.35, sasa zidisha kwa wanachama wote uone. Tulikesha siku mbili kwenye jedwali moja. Na kuna sehemu mtu kaweka double (namba ya Java inayotunza desimali kwa makadirio) badala ya BigDecimal (inayozitunza kamili), 0.1 jumlisha 0.2 haitoi 0.3 kamili, wakati COMP-3, aina ya namba ya COBOL kule, inatunza desimali tarakimu kwa tarakimu.

Kingine ni mpangilio. Kwenye EBCDIC, msimbo wa herufi wa meinifremu, herufi zinatangulia namba, kwenye ASCII, msimbo wa kompyuta za kawaida, namba zinatangulia herufi. Faili moja lilipangwa kule, jingine huku, programu ya kuyalinganisha ikawa inaruka watu kimyakimya bila kutoa erori hata moja. Mpaka leo naikumbuka hiyo asubuhi.

Mnyalu_Kihesa
Na msihame kwa mkupuo. Benki ya TSB kule Uingereza ilihamia mfumo mpya wikiendi moja ya Aprili 2018. Data zenyewe zilifika salama, jukwaa ndio likashindwa, wateja mpaka milioni 1.9 hawakuweza kuingia kwenye akaunti zao, na Desemba 2022 wakapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Ni kama kushusha mlima Kitonga na mzigo kamili kabla hujajaribu breki.

Mwana_wa_Uyole
Nimewasoma wakuu, na wazo la kuandika upya nimeliacha kabisa. Nitapendekeza ratiba ya bechi kwanza, kisha API, halafu tutoe kipande kimoja kimoja, cha zamani na kipya vikimbie pamoja tulinganishe majibu. Vipande vikimbie pamoja muda gani, dada?

Dada_wa_Sae
Vipitie hesabu za mwisho wa mwezi mara tatu angalau, na za mwisho wa mwaka mara moja usikose. Bosi atakwambia ni muda mrefu, mwoneshe ile 12.345 ataelewa.

Mwana_wa_Uyole
Sawa. Kuna mama mmoja kule ameiandika programu ya malipo ya wajane yeye mwenyewe, anastaafu Juni. Kesho namwomba tukae kwenye simu tuipitie mstari kwa mstari.

Makambako_Stendi
Rekodi hayo mazungumzo kwa ruhusa yake. Na muulize zile bechi zinazokimbia mara moja tu kwa mwaka, hizo mara nyingi haziandikwi popote.