Kumaliza viporo vya mifululizo ya vitabu: kushika mmoja mpaka mwisho au kuchanganya?

Kurasa_Mia:
Wakuu, salaam. Mwezi uliopita nilijiwekea sharti moja: hakuna kuanza hadithi mpya mpaka nipunguze viporo. Nina mifululizo niliyoiacha njiani, mingine imebaki kitabu kimoja tu, mingine sikumbuki hata niliishia wapi. Mwezi umekwisha na viporo vimepungua kweli. Nimebaki na swali la njia, maana nilijaribu mbili na kila moja imenipa kitu tofauti.

Njia ya kwanza ni kushika mfululizo mmoja bila kuuachia. Nilianza na The Wheel of Time, hadithi ndefu ya ulimwengu wa kubuni, ambao nilikuwa nimebakiza vile vya mwisho. Kwa asiyeufahamu, ni vitabu 14. Cha kwanza kilitoka 1990, cha mwisho 2013. Mwandishi wake, Robert Jordan, alifariki 2007 kazi haijaisha, na vitatu vya mwisho vikamaliziwa na mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, kwa kufuata maandishi aliyoyaacha mwenyewe.

Kilichonisumbua mwanzoni ni majina. Wahusika ni wengi mno na nilikuwa nimekaa mbali nao muda mrefu. Mwanamke anaingia chumbani, kila mtu anashtuka, mimi nimetoa macho tu: huyu naye ni nani? Nikakimbilia faharasa nyuma ya kitabu, nikarudi, ukurasa uliofuata nikaenda tena. Lakini nilipoingia kitabu kilichofuata bila kupumzika, faharasa sikuigusa. Kila mtu nilikuwa namjua, na ugomvi wake, na aliyemsaliti. Raha ya namna hiyo sikuipata kwa njia nyingine.

Ubaya wake, unaanza kuona mazoea ya mwandishi. Kuna dada mmoja mle, Nynaeve, hakasiriki bila kuvuta msuko wake wa nywele. Ukisoma kitabu kimoja kwa mwaka hata huligundui hilo. Ukivisoma kwa kufuatanisha unatamani umshikie mkasi.

Njia ya pili ni kupokezana. Kisa kimoja cha mpelelezi Sherlock Holmes, halafu kitabu cha Bwana Msa, mpelelezi wetu wa Kiswahili, halafu Narnia, vile vitabu vya watoto vya C. S. Lewis, halafu narudi kwa Holmes. Sikuchoka hata kidogo, na kwa hesabu ya vitabu nilikwenda mbali zaidi. Ila mtu akiniuliza ni kipi kilinikosesha usingizi, nitamtajia vile vya njia ya kwanza.

Mimi naelekea kwenye kushika mmoja. Nyie mnafanyaje?

Nahodha:
Shika mmoja, mkuu, hasa huo. Nitakuongezea sababu ambayo hujaitaja. Kitabu cha kumi, Crossroads of Twilight, kilitoka Januari 2003, baada ya watu kusubiri zaidi ya miaka miwili. Wakakifungua, wakakuta sehemu kubwa inawarudisha nyuma kuwaonyesha wahusika wengine walikuwa wapi wakati lile tukio la mwisho wa kitabu cha tisa likitokea. Watu waliwaka! Mpaka leo ukikitaja kwa waliokisubiri, wanakunja uso. Lakini anayekisoma sasa, kitabu cha kumi na moja kikiwa mezani, anakipita kwa siku chache na kuendelea na safari. Sio kwamba kimekuwa kizuri zaidi, ila hakijamdai mtu miaka miwili ya maisha yake.

Bi_Daftari:
Nahodha umesema kweli, ila hoja yako hiyo hiyo inakugeuka ukiipeleka kwa Holmes. Visa vyake vifupi vilianza kutoka kwenye jarida la The Strand mwaka 1891, kimoja kimoja, mtu anasoma cha mwezi huu na kusubiri cha mwezi ujao. Mwandishi wake, Arthur Conan Doyle, alifanya hivyo makusudi. Kila kisa kinajitosheleza ili aliyekosa toleo lililopita asiachwe nyuma. Ukijumlisha maisha yote ya Holmes ni visa vifupi 56 na riwaya 4. Sasa meza hivyo vyote kwa mkupuo uone. Mteja anabisha hodi, Holmes anamtazama viatu na mikono, anamwambia ametoka wapi na anafanya kazi gani, mteja anapigwa na butwaa, rafiki yake daktari Watson naye anapigwa na butwaa kana kwamba hajawahi kuona kitu hicho. Mara ya kwanza unacheka. Ukishasoma kumi kwa kufuatana unaruka kurasa.

Halafu kuna jeraha la Watson la vitani. Katika riwaya ya kwanza, ya 1887, risasi ilimpata begani. Katika ya pili, ya 1890, anaumwa mguu. Ukiacha nafasi kati ya riwaya hizo huenda usilione kabisa. Ukizisoma zote kwa wikiendi moja unakwama hapo, unaanza kuchunguza mguu wa daktari badala ya kesi.

Kwa hiyo, Kurasa_Mia, kabla hujachagua njia angalia kwanza una nini mkononi: hadithi moja iliyokatwa vipande, au mtu mmoja mwenye visa vingi? Hadithi moja ishike mpaka iishe. Mtu wa visa vingi mtembelee mara moja moja.

Kurasa_Mia:
Bi Daftari, hapo umenigusa. Holmes nilikuwa namlaumu yeye, kumbe mwendo. Na Bwana Msa je?

Bi_Daftari:
Huyo ni wa kutembelewa. Kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960) mpaka Kosa la Bwana Msa (1984), Muhammed Said Abdulla anamrudisha mtu yule yule na kiko chake, lakini kesi ni mpya kila mara. Unaweza kuanza Siri ya Sifuri hujagusa Kisima cha Giningi na usipungukiwe. Mimi hata sikimbii mle, kwa sababu Kiswahili chake kinanichelewesha. Kuna mazungumzo nayasoma kwa sauti, peke yangu, watu wa nyumbani wameshazoea.

Mvivu_Halali:
Wakubwa mnajitesa. Mimi kitabu kipya kikitoka natafuta muhtasari wa vilivyotangulia mtandaoni, robo saa nimemaliza, naingia kazini. Kurudia vitabu vinne ili usome cha tano ni adhabu.

Nahodha:
Na ukishamaliza hicho cha tano unakuja kulalamika kwamba mwisho haukuwa na uzito. Muhtasari utakuandikia kwamba fulani alimficha ndugu yake barua. Hautakupa kurasa mia mbili ambazo barua imekaa mfukoni na yeye kila siku anakaribia kuitoa. Kwenye kitabu cha tano ndugu anapoiona, wenzako roho inawatoka, wewe unasema "aa, ile barua".

Mvivu_Halali:
😂 Nimekubali kidogo. Kidogo tu.

Chumvi_Kidogo:
Ipo njia ya kati: rudia kitabu kimoja tu, kile cha mwisho ulichosoma. Kama hata hicho kinakushinda, rudia sura zake tatu nne za mwisho halafu pitia muhtasari wa vile vya nyuma. Sura za mwisho ndizo zenye madeni yote ambayo kitabu kipya kitalipa, na sauti ya mwandishi inarudi sikioni haraka. Pia angalia kurasa za mwanzo za kitabu kipya kabla ya kuhangaika. Waandishi wengine huweka humo humo kifupi cha yaliyopita.

Sikio_Wazi:
Mbona hakuna aliyetaja vitabu vya kusikiliza? Hivyo ndivyo vilivyonimalizia viporo. Utaratibu wangu ni huu: vitabu vya zamani navirudia kwa masikio, naosha vyombo, napasi nguo, natembea. Kitabu kipya nakisoma kwa macho. Kwa kuwa hadithi naijua tayari, hata mawazo yakitangatanga dakika mbili sipotei, na kasi naiongeza kidogo bila wasiwasi.

Tahadhari ipo. Ukianza mfululizo kwa masikio halafu ukahamia kwenye maandishi, majina yatakuchanganya. Nilikuwa na mhusika mmoja nampenda sana, nikafungua kitabu chenyewe nikasoma sura nzima nikidhani huyu ni mtu mgeni, kumbe ndiye yule yule, herufi tu hazifanani na nilivyokuwa nalisikia. Na ramani huwezi kuisikiliza. Hadithi zenye vita na safari ndefu, kaa na kitabu chenye ramani karibu.

Mlango_wa_Kabati:
Nimeona Kurasa_Mia ametaja Narnia, na hapo kuna ulinganisho mwingine kabisa: unafuata mpangilio upi? Vitabu 7 vilitoka kati ya 1950 na 1956. The Magician's Nephew kilitoka cha sita, mwaka 1955, lakini kinasimulia mwanzo wa ulimwengu ule, kwa hiyo matoleo mengi ya siku hizi yanakipa namba 1. Mimi nasema vifuatwe jinsi vilivyotoka. Katika kile cha 1950, Lucy anapita katikati ya makoti ndani ya kabati, anakanyaga theluji, halafu mbele yake msituni kuna nguzo ya taa inawaka. Nani kaiweka pale? Hakuna anayekwambia, na ndiyo utamu wenyewe. Ukianza na "namba 1" unafika kwenye nguzo ile ukiwa umeshaambiwa ilitoka wapi. Unaitazama unapita.

Tena Aslan, yule simba mkuu wa Narnia, anapotajwa mara ya kwanza, msimulizi anasema watoto wale hawakumjua ni nani kama vile wewe usomaye usivyomjua. Aliyeanza na namba 1 anamjua vizuri tu!

Chumvi_Kidogo:
Ila C. S. Lewis mwenyewe aliwahi kumjibu mtoto mmoja kwa barua, 1957, akasema anaelekea kukubaliana na mpangilio wa matukio, ule ambao mtoto aliupenda kuliko wa mama yake. Kisha akaongeza kwamba pengine haijalishi sana mtu anaanza na kipi.

Mlango_wa_Kabati:
Barua naijua. Nami namheshimu sana mzee, lakini mpishi hajawahi kula chakula asichojua kina nini ndani. Nguzo ile yeye hakuikuta, aliisimamisha.

Kurasa_Mia:
Nilivisoma kwa namba za kwenye jalada, na nilipofika kwa Lucy kweli sikushtuka popote. Nina mdogo wangu hajavigusa, nitampa cha 1950 kwanza nimtazame usoni.

Kwa mwezi huu basi nimepanga hivi: mfululizo mmoja wa hadithi ndefu ndio kazi kubwa, na pembeni kisa kimoja cha Holmes kila nikimaliza kitabu, cha kupumzisha kichwa. Nimebakiza kimoja cha kuamua. Kuna mifululizo ambayo haijaisha. A Song of Ice and Fire wa George R. R. Martin ulianza 1996, kitabu cha tano kilitoka 2011, na cha sita bado. Mnaingia au mnasubiri?

Mvivu_Halali:
Siingii mfululizo ambao haujafungwa. Nikishaona cha mwisho kimetoka, ndipo nanunua cha kwanza.

Bi_Daftari:
Mwanangu, kwa huo ambao tayari una wasomaji dunia nzima fanya upendavyo. Kwa mwandishi ambaye ndio kwanza anaanza, mchapishaji anaangalia cha kwanza kimeuzika vipi kabla ya kuendelea na cha pili. Mkikaa wote kusubiri cha mwisho, cha mwisho hakiandikwi.

Mvivu_Halali:
Sasa ninunue kisha nikiweke kabatini bila kusoma?

Bi_Daftari:
Hata hivyo ni afadhali. Ila utakisoma, nakujua.