Seva inajikongoja kila asubuhi, dashibodi inasema iko salama. Wakuu naombeni ushauri kabla ya Jumatatu

Kibarua_wa_IT
Wakuu, heshima kwenu. Nashika IT peke yangu kwenye saccos moja huku mkoani. Mfumo wa mikopo uko kwenye VM (kompyuta pepe) ya Linux, juu ya hosti moja, yaani mashine halisi, inayotumia VMware. Tangu mwezi wa tano, ikifika saa tatu asubuhi mfumo unajikongoja, makeshia wananipigia hadi nazima simu. Nimefunga Prometheus na Grafana, za kupima seva na kuchora grafu, nimjue mchawi. CPU asilimia 20, RAM asilimia 60, kijani tupu. Ila load average, yaani foleni ya kazi za seva, inapanda hadi 30, na VM ina vCPU (CPU pepe) 4 tu. Jumatatu nina kikao na meneja. Tununue seva mpya au niongeze RAM?

Ngosha_Data
Ulibadilisha nini kabla ya mwezi wa tano?

Kibarua_wa_IT
Sijagusa kitu mkuu.

Baharia Mstaafu
Hiyo ni intaneti. Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, nilibadilisha ruta, nikabadilisha waya, nikagombana na jirani tuliyekuwa tunachangia bando, kumbe tatizo liko chini ya maji. Hadi leo jirani hanisalimii.

Kibarua_wa_IT
Mzee wangu, seva iko chumba cha pili. Haipiti baharini.

Dalali wa RAM
DDR4 za mtumba zipo, Kariakoo, zimepimwa. Njoo PM.

Mpima Chai
Hii ni chai, tena ya rangi. CPU asilimia 20 halafu load 30? Akaunti ina siku mbili, tatizo limepangwa vizuri, na suluhisho ameshakuja nalo: "tununue seva mpya". Huyu ni muuzaji. Wasimamizi fungeni uzi.

Baharia Mstaafu
Nami nilishtuka aliposema anazima simu. Mtu wa IT azime simu abaki na kazi?

Kibarua_wa_IT
Mimi nalia nyie mnacheka. Nataka msaada, sina cha kuuza.

Dada_Terminal
Mpima Chai, tuliza boli. Inawezekana kabisa. Kwenye Linux, load haihesabu wanaotumia CPU peke yao, inahesabu pia walioganda wakingoja diski, wale wenye herufi D ukifungua top, amri inayoorodhesha programu zinazoendelea. Ingia ofisi yoyote ambayo kila faili lazima litoke masjala: karani anapiga miayo dirishani, foleni imefika getini. Ukimpima karani, hana kazi. Kibarua, paneli yako ya CPU inachora nini hasa?

Kibarua_wa_IT
Nimeangalia. Ni mode="user" peke yake, yaani kazi ya programu tu. Nilinakili mahali.

Dada_Terminal
Ongeza iowait, ule muda CPU inakaa bure ikingoja diski. Weka na steal, tujue kama VM nyingine zinakunyang'anya CPU. Na muda ambao diski inachukua kujibu. Usitumie wastani wa siku nzima, maana usiku wote mnalala na unaficha asubuhi.

Kibarua_wa_IT
Nimerudi. Jana saa tatu na nusu iowait ilikuwa asilimia 65. Steal ni kama sifuri. Diski inajibu kwa milisekunde 180.

Ngosha_Data
180! Hata diski ya kuzunguka ikiwa nzima kwa kawaida haifiki huko. Nauliza tena kwa upole: hiyo VM ina snapshoti, ile alama ya kuirudisha ilivyokuwa siku fulani?

Kibarua_wa_IT
Ipo moja. Niliiweka Februari nilipopandisha toleo la mfumo. Lakini siyo yenyewe, maana Machi na Aprili tulikuwa vizuri. Halafu ndiyo bakapu yangu, nikiifuta napoteza data zote tangu Februari.

Ngosha_Data
"Sijagusa kitu mkuu."

Mpima Chai
😂😂😂 Ina ukubwa gani?

Kibarua_wa_IT
GB 610.

Dada_Terminal
Mungu wangu. Sikiliza. Ulipoweka snapshoti, diski ya mwanzo iligandishwa, kila kinachoandikwa kinaingia kwenye faili la pembeni. Machi lilikuwa dogo. Sasa limenenepa, kusoma ni kuhangaika huku na kule, na siku likijaza hifadhi yote VM itasimama. VMware wenyewe wanashauri isizidi saa 72. Na kuifuta hakupotezi data: kunaliunganisha lile faili na diski ya mwanzo. Kinachokurudisha Februari ni Revert. Hicho kitufe usikisogelee. Wala siyo bakapu, diski ya mwanzo ikifa vyote vinakufa. Toa dampo (nakala kamili) la databesi kwanza, ukalihifadhi nje ya hosti hiyo, halafu ufute usiku wakati hakuna kazi.

Kibarua_wa_IT
Nashukuru dada. Ila bado naona seva mpya ingekuwa suluhisho la kudumu. Nimeshampelekea meneja proforma, karatasi ya bei ya duka, milioni 24.

Mpima Chai
Proforma ya duka gani?

Kibarua_wa_IT
La shemeji. Lakini bei yake ni nzuri kweli.

Mama Vikoba
Nilikuwa nasoma kimya, hizo iowait zenu sizijui, ila hapa nimeelewa. Mwanangu, hizo milioni 24 ni akiba za kina mama wanaoamka saa kumi kuwahi ndizi sokoni. Nenda kairudishe hiyo karatasi.

Kibarua_wa_IT
Mama, sijaficha kitu, hamkuniuliza.

Dalali wa RAM
Milioni 24 mimi nakupa mbili na chenji inabaki.

Kibarua_wa_IT
Jumapili, saa tisa usiku. Dampo liko kwenye diski ya nje. Nimebonyeza kufuta saa nne. Imefika asilimia 99 tangu saa sita na haisogei. Nikatishe?

Dada_Terminal
USIKATISHE. Hapo ndipo huwa inakaa. Angalia kama diski ya hosti bado inaandika.

Kibarua_wa_IT
Inaandika.

Dada_Terminal
Basi toa mkono kwenye mausi.

Mpima Chai
Chai nayo imefika asilimia 99. Nami sijalala.