Shujaa asiyekufa: Noblesse inatushikaje? Naomba ushauri wenu

Mchoraji_Tabata:
Habari zenu wakuu.

Naandika na kuchora hadithi ya mtu anayeishi tangu Wareno walipoivamia Kilwa mwaka 1505. Hazeeki, hafi, jambia linaingia na kutoka. Watu wa karibu waliosoma sura za mwanzo wameniambia jambo moja: mapigano ni mazuri, ila hawana wasiwasi naye. Wanajua atapona.

Sasa chukua Noblesse ya Son Jeho na Lee Kwangsu, ile manhwa (katuni ya Kikorea) iliyotoka kwenye tovuti ya Naver kuanzia 2007 hadi 2019. Shujaa wake, Raizel, analala jenezani miaka 820, anaamka Korea ya leo, na karibu hakuna wa kumweza. Mbona yeye namhofia? Wazoefu wa manhwa, nisaidieni. Nirekebishe nini?

Kalamu_Nyeusi:
Mkuu, tafuta gharama. Raizel ana nguvu za kutisha, lakini kila akizitumia anakula uhai wake mwenyewe. Ndiyo maana Frankenstein, mtumishi wake, anajitupa vitani kwanza ili bwana wake asilazimike kuinuka. Kwenye hadithi nyingi tunasubiri kwa hamu shujaa asimame. Hapa akisimama unaingiwa na hofu, maana unajua kuna kitu kimepungua ndani yake. Adui hahitaji hata kumshinda, inatosha amfanye apigane mara nyingine.

Huyo wa kwako analipa nini? Kama halipi chochote, hata umletee merikebu zote za Ureno msomaji atapiga miayo.

Binti_wa_Lamu:
Naunga mkono, na naongeza. Sisi watu wa pwani tuna Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomuua isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Siri ile aliitoa mwenyewe, kwa mwanawe wa kumzaa. Mimi kila nikifika hapo siioni sindano, namwona mtoto aliyeishika.

Kwa hiyo kaka, tazama walio karibu na shujaa wako. Kwenye Noblesse kuna M-21, mtu aliyefanyiwa majaribio na Union, shirika la siri la humo, mpaka jina lake halisi halijui, amebaki na namba tu. Mwenzake M-24 anakufa mapema kabisa. Kifo hicho ndicho kilichonifunga kwenye hadithi ile. Raizel anaweza kudumu, ila hawa aliokutana nao wanaondoka, na wewe msomaji umeshawapenda.

Fremu_kwa_Fremu:
Nyote mmesema kweli, ila mmeiruka sehemu ninayoipenda kuliko zote: shule na tambi.

Huyu bwana Raizel alikaa karne na karne Lukedonia, nchi ya jamii yake, peke yake, akitazama nje kupitia dirisha. Anaamka hajui simu inashikwaje. Anaingia sekondari ya Ye Ran, anakaa na akina Shinwoo, Ikhan na Yuna, wanakula tambi za pakiti, na yeye anazisubiri mpaka zivimbe. Kuna watakaosema ni vichekesho vya kujazia kurasa. Nakataa kabisa! Kwa mtu aliyeishi hivyo, meza yenye watoto wanaopiga kelele ni mali. Adui akija shuleni, unajua ni nini hasa kinachotaka kuchukuliwa.

Nitasema pia pale inapochoka. Huko mbele mapigano yanakuwa marefu, kila adui mpya ana nguvu kumzidi wa jana, na maisha ya shule yanasahaulika. Hapo nilikuwa nasoma kwa mazoea tu. Usiige sehemu hiyo.

Na kwenye uchoraji, kumbuka manhwa hizi zinasomwa kwenye simu, kidole kikisogeza kwenda chini. Nafasi tupu kati ya fremu na fremu ni muda. Ukitaka miaka mia ipite, usiandike "miaka mia baadaye". Acha weupe mrefu, msomaji ausogeze mwenyewe, kisha muonyeshe mtu yuleyule, mlango uleule, na mti uliokuwa mche sasa una kivuli.

Mchoraji_Tabata:
Nashukuru sana, dada na ndugu zangu. Hilo la gharama limenifungua. Nawaza hivi: kila jeraha likipona, anapoteza kumbukumbu moja. Akichomwa jambia leo, kesho sura ya mama yake imefutika. Swali ni je, yeye mwenyewe ajue alichopoteza, au asijue?

Kalamu_Nyeusi:
Ajue, ili achague. Akiona jambia linakuja na anajua linaweza kuchukua nini, kukubali kuchomwa kunakuwa na uzito.

Binti_wa_Lamu:
Kalamu, hapo tunapishana. Ajue kwamba atapoteza kitu, lakini asijue ni kipi. Sisi tujue. Tuonyeshe mapema wimbo aliofundishwa na mama yake, auimbe akiwa kazini, akiwa baharini, mpaka tuuzoee. Baada ya pigano mtoto wa jirani auimbe mbele yake, naye aulize ni wimbo gani huo mzuri.

Fremu_kwa_Fremu:
Hiyo ya dada ndiyo. Chora ukurasa huo kwanza kabla ya pigano lolote, uuweke hapa tuutazame.