Ufrilansa wa kusajili laini Dar: mtaji, kamisheni na vidole vinavyogoma

Mgeni_wa_Tandika:

Wakuu habari za muda huu. Nataka kuanza ufrilansa wa kusajili laini hapa Dar. Nina simu ya Android, namba ya NIDA, TIN na mtaji wa 600,000. Naomba wanaoijua kazi wanifafanulie:

1. Kamisheni ya laini inahesabiwaje hasa? Watu wanasajili laini 20 kwa siku, mwezi ukiisha wanapewa kiduchu.
2. Mteja vidole vikigoma kusomwa na mashine ya alama za vidole, unafanyaje?
3. Nibaki na laini tu, au niongeze kuweka na kutoa pesa? Na hizi ruta za nyumbani zinalipa?
4. Nikae na mwamvuli au nitembee?

Naomba hatua na hesabu. Dua nimeshaombewa nyumbani.

---

Meza_ya_Buguruni:

Mkuu, swali la 1 ndiyo roho ya kazi yote, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Frilansa siyo mwajiriwa wa kampuni ya simu. Mara nyingi mnyororo uko hivi: kampuni, kisha dila au wakala mkuu, kisha supavaiza wa eneo, halafu wewe. Pesa yako inapita kwenye mikono hiyo yote, na kila mkono una sababu ya kuchelewesha. Kabla ya kushika laini hata moja, pata majibu ya haya kwa maandishi, hata kama ni meseji ya WhatsApp: analipa nani, tarehe ngapi, kwenye namba ipi, laini inahesabika kuwa "nzuri" ikitimiza nini, na mashine ya vidole ikiharibika nani anabeba gharama. Supavaiza anayejibu "usijali, utaona tu" huyo mwache.

Kamisheni ya laini kwa kawaida haiji mkupuo mmoja. Kuna kipande cha kuwasha laini, kipande cha mteja kuweka salio la kwanza, na kipande cha laini kuendelea kuwa hai baada ya wiki au mwezi. Viwango hubadilika kila msimu wa promosheni, kwa hiyo chukua huu kama mfano wa hesabu tu. Laini 20 kwa siku, siku 26 za kazi, ni laini 520. Tuseme sharti ni mteja aweke salio la angalau 1,000 ndani ya siku 7, na nusu yao hawakuweka. Umebaki na 260. Sharti la pili, laini iwe hai siku ya 30, na theluthi moja ya hao wameshazitoa kwenye simu. Umebaki na 173. Zile 347 hazikukupa kamisheni kamili, na jua limekuchoma bure.

Anayetupa laini ni nani? Ni yule uliyemvuta kwa bando la ofa wakati simu yake ina laini mbili tayari na sehemu ya tatu haipo. Anamaliza bando, anairudisha laini yake ya zamani. Kwa hiyo muulize mteja kabla hujawasha mashine: laini hii unaiweka kwenye simu gani, na watu wako wako mtandao gani? Mwanafunzi aliyeanza chuo, aliyeshuka basi leo kuja kuishi mjini, bodaboda ambaye wateja wake wote wako mtandao fulani, mama anayefungua genge na anataka namba ya biashara, hawa laini zao zinaishi. Nane za namna hiyo kwa siku zinazishinda 20 za kukimbizana.

Laini ikishawaka, usimwache mteja aondoke nayo mkononi. Iwekwe kwenye simu, intaneti ijaribiwe, aweke salio la kwanza palepale mezani, na akaunti ya pesa ifunguliwe. Dakika tano hizo ndizo zinazookoa sharti la kwanza.

Mwisho, weka daftari. Nyuma ya kila laini kuna namba ndefu inayoanza na 89255 (255 ni sisi). Andika tarakimu zake sita za mwisho, tarehe na saa. Taarifa ya kamisheni ikitoka, linganisha mstari kwa mstari. Ukienda kulalamika na tarakimu, wanakusikiliza. Ukienda na "nilisajili nyingi", utaambiwa mfumo ndivyo unavyosoma.

---

Kidole_Gumba:

Naongezea kwenye vidole, na nitakuwa mkali kidogo maana hapa ndipo vijana wanapofungwa.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mteja akikutajia namba, linganisha nane hizo na tarehe anayokwambia kwa mdomo. Makosa mengi ya "namba haipo" yanaishia hapo, mtu amesoma 3 badala ya 8 kwenye karatasi iliyochakaa.

Kidole kikikataa, sababu huwa mojawapo ya hizi. Ngozi imelika: fundi ujenzi, mfua nguo, muuza samaki, mzee. Jaribu kidole cha pete au cha kati, maana gumba na shahada ndivyo vinavyolika zaidi. Vidole vikavu mno: mteja apake mafuta kidogo sana kisha afute. Vidole vina jasho, na mchana wa Dar hilo ni la kawaida: futa kwa kitambaa kikavu, subiri nusu dakika. Kioo cha mashine kina mafuta ya wateja kumi waliopita: kifute kwa kitambaa laini kila baada ya mteja mmoja. Jua linapiga moja kwa moja kwenye kioo: geuza meza. Na kuna wakati kidole hakina kosa, mtandao ndio umekatika au mfumo wa upande wa pili haujibu. Hapo ujumbe wa kosa huwa tofauti, usome kabla hujamsumbua mteja. Mara tatu imekataa, simamisha, mwelekeze dukani kwa kampuni.

Sasa lile jambo kubwa. Mchezo wa "haijasoma mama, weka tena", kumbe ya kwanza imesoma na ya pili inasajili laini nyingine kwa jina lake, ni jinai. Laini hiyo inauzwa kwa matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", na polisi wakifuatilia wanaanza na akaunti iliyosajili. Akaunti ni ya nani? Yako. Kwa hiyo:

- Neno la siri la programu ya kusajilia usimpe mtu, hata supavaiza anayesema anakusaidia kufikisha tageti.
- Mteja aone kioo cha simu yako muda wote, na ukimrudisha kuweka kidole mwonyeshe ujumbe wa kosa.
- Kabla hajaondoka mwambie apige *106# aangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yake. Akiona namba asiyoijua, ajue leo, na ajue haikutoka mezani kwako.
- Asiye na NIDA usimsajilie kwa jina lako wala la jirani. Aliye chini ya miaka 18 anasajiliwa na mzazi au mlezi. Mgeni wa nje anakuja na pasipoti.

Na lile daftari la Meza, nakubaliana nalo, ila namba za NIDA za watu usiziandike humo wala kuzipiga picha. Tangu itungwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, daftari la namna hiyo ni mzigo, na likiibiwa ni balaa.

Kurudisha laini iliyopotea ni kazi nyingine kabisa. Mwizi akifanikiwa kurudishiwa namba ya mtu, anaichukua na pesa iliyomo. Kama dila wako hajakupa ruhusa hiyo kwa maandishi, mpeleke mteja dukani, usishawishike na buku mbili za asante.

---

Mgeni_wa_Tandika:

Mungu awabariki. Kidole_Gumba, hilo la *106# sikulijua kama ni kinga ya wakala pia. Bado la mtaji na sehemu ya kukaa.

---

Dada_Floti:

Kaka, kwa 600,000 unaweza kuongeza kuweka na kutoa, ila sikiliza hesabu kwanza. Ukifungua mitandao minne kwa pamoja, kila mmoja unapata 150,000. Akija mteja wa kuweka 200,000, humhudumii kwenye mtandao wowote, na asipohudumiwa mara mbili harudi. Anza na mmoja, ule unaotumika zaidi mtaani hapo. Utaujua kwa kukaa siku mbili kwa wakala wa jirani na kusikiliza watu wanaulizia nini.

Pili, gawanya mtaji kulingana na mahali. Karibu na soko la jumla watu wanaleta keshi jioni wanataka kuweka: floti (pesa iliyo kwenye laini yako ya uwakala) inaisha, droo inajaa noti. Karibu na kituo cha mabasi au viwandani siku za mshahara watu wanatoa: keshi inaisha, floti inajaa. Sehemu ya kwanza anza na floti 400,000 na keshi 200,000, sehemu ya pili geuza. Halafu tafuta wakala mwenzako wa upande wa pili mbadilishane. Nauli ya kwenda benki mara tatu kwa siku inakula kamisheni yote.

Usikate miamala. Mteja anaweka 90,000, wewe unaigawa mara tatu ili upate kamisheni tatu: mfumo unaona namba ileile ndani ya dakika mbili, unakatwa au unafungiwa laini ya uwakala.

Meseji ya "umepokea" usiiamini. Fungua menyu yako mwenyewe uangalie salio, *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, kila mtandao na yake. Matapeli wanatuma meseji iliyofanana herufi kwa herufi wakati una foleni ya watu sita, wakijua huna muda. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Vibali: NIDA na TIN unavyo, bado leseni ya biashara ya manispaa. Ofisi ya serikali ya mtaa nenda ujitambulishe kabla ya kuweka mwamvuli, siyo baada ya mgambo kuja. Kodi ya zuio inakatwa kwenye kamisheni kabla haijakufikia, kwa hiyo usishangae tarakimu ikija pungufu. Omba taarifa yenye makato.

Mahali: Kariakoo ina watu lakini ina mawakala kuliko wateja, na kila futi ya barabara ina mwenyewe. Rangi Tatu, Gongo la Mboto, Mbezi Luis karibu na stendi, kuanzia saa 10 jioni mpaka saa 2 usiku, watu wanarudi na simu zinahitaji salio. Mwamvuli kwa masaa hayo, asubuhi tembea.

---

Ruta_ya_Sinza:

Napingana na dada kwenye jambo moja: mtu mwenye miguu mizuri na 600,000 asikimbilie floti. Ruta moja ikikaa kwa mteja mwaka mzima ina faida kuliko miamala mingi midogo. Tatizo wauzaji wengi wanauza bila kupima, ruta inarudishwa, kamisheni inarudi nayo.

Upimaji ni bure. Weka laini ya mtandao unaouza kwenye simu yako, fungua Mipangilio, Kuhusu simu, hali ya laini, tafuta nguvu ya mawimbi. Ni tarakimu hasi ya dBm, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo bora. Kwa 4G, -90 au iliyo karibu zaidi na sifuri ni nzuri, -100 ni ya kuvumilia, -110 usiuze. Pima sebuleni ruta itakapokaa, siyo barazani. Ukuta wa zege na bati vinaweza kukunyima desibeli 15 kati ya dirisha na chumba cha ndani. Halafu pima kasi saa 2 au saa 3 usiku, mnara ukiwa umelemewa na mtaa mzima. Kasi ya saa 4 asubuhi inadanganya.

Malalamiko ya baadaye yanafanana. Ruta imefichwa nyuma ya televisheni au sakafuni: ipandishe dirishani upande wa mnara. Adapta imebadilishwa na ya king'amuzi yenye volti tofauti: ruta inajizima na kujiwasha. Umeme unakatika: mshauri betri ndogo ya ruta yenye volti sawa na zilizoandikwa kwenye adapta. Na "bila kikomo" mweleze maana yake kabla hajalipa: vifurushi vingi vya hivyo vinapunguza kasi ukifika kiasi fulani. Akijua mapema hakupigii simu usiku.

---

Mgeni_wa_Tandika:

Swali la mwisho: mashine ya vidole ninunue yangu au nichukue ya dila?

---

Meza_ya_Buguruni:

Usinunue kwanza. Programu ya kampuni inakubali aina chache tu za mashine, na ile ya bei poa ya Kariakoo inaweza isitambuliwe kabisa. Chukua ya dila, lakini siku ya kukabidhiwa ijaribu palepale kwa vidole vyako, piga picha namba iliyo mgongoni na kila mkwaruzo, andikianeni na wote mtie saini. Na nunua waya wa akiba. Mashine nyingi zinazosemwa "zimekufa" ni waya umekatikia kwenye kichwa.