Saa ya Windows iko nyuma kwa saa tatu kila nikitoka Ubuntu

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari hapa Morogoro. Mashine yangu ni HP, RAM GB 8, SSD ya GB 256. Mwezi uliopita nilipunguza partisheni (sehemu ya diski) ya Windows nikapata GB 60, nikaweka Ubuntu 24.04, mfumo endeshi wa pili, maana jioni wateja wakiisha najifunza Python. Windows siwezi kuiacha, programu ya risiti inafanya kazi huko tu.

Mifumo yote inawaka vizuri. Shida ni saa. Nikitoka Ubuntu nikaingia Windows, saa inakuwa nyuma kwa saa tatu kamili. Jana mteja kaja saa tisa alasiri, risiti ikasema saa sita mchana, akanirudishia. Fundi mmoja aliniambia betri ya ndani imekufa. Nimenunua mpya, hali ni ile ile.

La pili, diski D yenye kazi za wateja naifungua ndani ya Ubuntu, ila kuhifadhi inakataa. Inasoma tu. Naombeni msaada, mle kuna CV na barua za watu, sitaki hata faili moja lipotee.

Mchangiaji 1:
Pole mkuu, betri haina kosa. Ndani ya mashine kuna saa inayotembea hata ukiizima. Windows inaisoma kama saa ya hapa kwetu. Ubuntu inaweka humo UTC, yaani saa ya kimataifa, halafu yenyewe inaongeza saa tatu kwa sababu sisi ni UTC+3. Ndiyo maana unakosa tatu kamili, bila dakika kuzidi wala kupungua. Fungua terminali ya Ubuntu (dirisha la kuandikia amri) uandike hii, ili nayo iweke humo saa ya hapa kwetu:

`timedatectl set-local-rtc 1`

Mchangiaji 2:
Hiyo amri ni sahihi. Usishtuke ikikuletea onyo: linawahusu zaidi wenye nchi zinazosogeza saa kiangazi na baridi. Tanzania hatusogezi.

Kuhusu D, Windows ukiizima huwa haizimiki kabisa. Ili iwake haraka kesho, inahifadhi hali yake kwenye diski na kuacha partisheni kama zinatumika bado. Ubuntu ikiliona hilo inagoma kuandika, na hapo inakulinda. Utakutana na watu wanaokwambia uilazimishe. Tafadhali usithubutu, hapo ndipo CV za watu zinapopotea. Kwanza nakili kazi zote kwenye diski ya nje. Kisha ingia Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, zima mashine, ndipo uingie Ubuntu. Windows itakuwa inachelewa kuwaka kidogo, basi.

Mleta mada:
Nimenakili, nimefanya yote mawili, nimeingia na kutoka mara nne. Saa zinalingana pande zote. Nimehifadhi barua ya maombi ya kazi kwenye D nikiwa Ubuntu, nikaichapa kutoka Windows, mwenyewe kaja kuichukua sasa hivi. Asanteni sana wakuu.